Chumvi Iliyogawanywa kwa Mgongo

Wapo wanaosema mpaka leo kwamba nilileta mambo ya wavuvi kanisani. Ndiyo, nilileta. Narudia ili mtu asije kusema nilijificha: nilileta. Na kama kuna aibu ndani yake, aibu hiyo ianze na wanafunzi wa kwanza wa Bwana, maana nao, nilivyofundishwa, walinuka samaki kama minye, yaani mimi.

Nilikuwa muuzaji wa ndagala kule Uvira, kando ya ziwa. Ndagala, visamaki vile vyembamba vinavyoanikwa juu ya mchanga, ndivyo vilivyonilisha, vikanivika, vikanisindikiza mpaka kanisani kwa harufu yake. Kila kitu nilikihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili yangu, mara ya pili kwa ajili ya yule aliyetaka kuniibia. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikifika mbinguni nitamwomba malaika wa mlangoni arudie hesabu. Sikuona ubaya wowote katika wazo hilo.

Kanisa letu lilikuwa la matofali na bati, na ndani yake mlikuwa na watu wa aina mbili: watu wa mabenchi na watu wa mikeka. Wakati wa Wabelgiji, mabenchi ya mbele, yale yenye mgongo wa kuegemea, yalikuwa ya wazungu na makarani wao. Sisi wengine tulikuja na mikeka kwapani, tukatandika nyuma. Uhuru ulipofika tuliimba mpaka sauti zikakauka, na mhubiri akatangaza kwamba kuanzia sasa wote tuko sawa. Nilimwamini. Jumapili iliyofuata nilikuja mikono mitupu. Nikawakuta makarani wameshaenea mpaka kwenye nafasi za wazungu, wameachiana upana katikati ili suruali zisikunjamane. Nikarudi nyumbani kuchukua mkeka wangu. Uhuru ule ulibadilisha makalio. Benchi lilibaki lile lile.

Halafu uasi ukaja. Vijana wenye bunduki waliuteka mji, wamisionari wakavuka kwenda Bujumbura, ambayo sisi bado tuliita Usumbura, na pasteri wetu akapanda milimani kwa sababu alikuwa amesoma, na siku zile kusoma ilikuwa hatari kuliko kuiba. Mpaka ukafungwa. Sokoni kilipungua hiki, kikapungua kile, mpaka siku moja chumvi ikaisha kabisa.

Asiyewahi kukosa chumvi asinihadithie habari za vita. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila chumvi ni majani tu, na muntu si mbuzi. Tulichoma matete ya mto Ruzizi, tukachuja majivu yake, tukapikia maji yale machungu. Watoto walikula wakitutazama kama vile tuliwakosea.

Watu walikimbilia ndani ya lupango la kanisa, ule uwanja wetu wenye ukuta kuuzunguka, kwa sababu risasi zilikuwa bado zinaheshimu ukuta ule. Waliingia watu wa mabenchi, tukaingia watu wa mikeka, na baadaye wakaja watu wa bondeni, kwa sababu barabara ya Luvungi ilikuwa imegeuka njia ya majeshi. Kila nyumba, yaani kila familia, ikawasha jiko lake.

Miongoni mwa waliotoka bondeni alikuwa mama mmoja wa Kiringye, mkulima, na mama mkwe wake asiyeweza kutembea vizuri, na watoto. Hakuwa wa kanisa letu. Sidhani kama alikuwa wa kanisa lolote. Alikuwa wa shamba lake. Mume wake alikuwa amechukuliwa kubeba masanduku ya risasi, hakurudi. Nilimuuliza ni upande gani uliomchukua.

"Hawakusema, mama," akanijibu. "Walisema tu: beba."

Aliyeshika lupango baada ya pasteri kuondoka alikuwa mzee mmoja wa kanisa, karani wa zamani wa bandarini. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga mwenye funguo, na katika maisha yangu nimewaogopa hao kuliko wabaya. Alipomkuta mama wa Kiringye amewalaza watoto wake barazani mwa kanisa wakati wa adhuhuri, alimwambia mbele ya watu: "Mama, jua ni la Mungu, lakini kivuli ni cha kanisa." Mama akawakusanya watoto, akaenda nao juani. Mzee akaona amesema neno la hekima. Wapo waliocheka.

Kisha siku moja mkubwa wa wale vijana wa uasi alikuja getini. Alimwambia mzee kwamba lupango litaachwa kwa amani maadamu ndani yake mna watu wa kanisa peke yao. Wengine wote ni wapelelezi wa jeshi. Akirudi akawakuta, atawachukua. Tangu saa ile mzee aliwatazama watu wa bondeni kama mtu anavyotazama tundu kwenye bati wakati wingu linajikusanya. Mmoja baada ya mwingine aliwaambia watafute mahali pengine. Walikwenda. Wapi, hakuna aliyeuliza. Akabaki yule mama wa Kiringye, kwa sababu mama mkwe wake hakuweza kwenda.

Ndipo chumvi ilipoingia katika habari hii.

Mjini alikuwepo mfanyabiashara mmoja Mwislamu, ambaye babu zake walifika Uvira zamani na biashara za ziwani. Nilikuwa nimefanya naye biashara miaka mingi, na kila mara tuliachana tukiwa tumechoka kama watu waliopigana mieleka. Nilikwenda dukani kwake na kapu la ndagala kavu, nikijua kwamba kama kuna chembe ya chumvi imebaki Uvira, iko chini ya kitanda chake. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno yangu yote ya kulalamika.

Akaniambia: "Chukua gunia zima."

"Kwa bei gani?"

"Bure."

Nilishika ukuta. "Baba, uko mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Kesho ama keshokutwa vijana wale watakuja kunisafisha duka, na kuniachia kikaratasi chenye muhuri. Bora nimpe Mungu. Yeye akichukua haachi kikaratasi."

"Mungu wa kwenu ama wa kwetu?"

"We mama, hata Mungu unataka kumpunguza bei." Akakaa juu ya gunia lile, chumvi iliyotoka Uvinza ng'ambo ya ziwa. "Sasa nisikilize. Hii ni ya watu waliomo ndani ya lupango lenu. Sikusema Wakristo. Nimesema watu. Hebu sema."

"Ya watu waliomo ndani ya lupango."

"Sema tena."

Nikasema tena. Alikuwa mtu wa kwanza niliyekutana naye anayehesabu mara mbili kama mimi. Tulipokwisha kupakia gunia kwenye mkokoteni wangu, mdomo wangu ukauliza wenyewe, kwa mazoea: "Na matabishi?" Maana kwetu muuzaji akishapima lazima akuongezee kidogo juu ya kipimo, ndiyo matabishi, na asiyeomba ni mgeni. Alicheka mpaka akafuta macho, akanirushia kipande cha sabuni.

Nilifunika gunia kwa nyavu na ndagala zilizoanza kuharibika. Vijana wa kizuizini walishika pua, wakanipungia mkono nipite upesi.

Asubuhi yake, baada ya sala, mzee alisimama mlangoni mwa kanisa, gunia miguuni mwake, kikombe kitupu cha chai mkononi. Alitoa shukrani ndefu kwa Mungu, fupi kwangu, na kwa mwenye chumvi hakutoa yoyote. Halafu akasoma mpango wake.

"Mabenchi kwanza, kikombe kizima kila nyumba. Mikeka, nusu kikombe. Na wa bondeni..." Akakohoa. "Wa bondeni wataombewa."



"Na jambo la pili," akaendelea. "Atakayepewa fungu hapa ndiye mtu wetu. Asiye na fungu, kabla ya jua kuzama awe ametoka. Yule mkubwa atarudi, na minye siwezi kuulizwa habari za watu nisiowajua."

Nilimtazama mama wa Kiringye. Alikuwa ameshaanza kufunga mzigo. Hakulia, hakumtazama mtu. Alimfunga mtoto mdogo mgongoni, kisha akainama kumsaidia mama mkwe wake kukaa, akijua fika kwamba bibi yule akishatoka getini hafiki hata sokoni, na kwamba barabarani kuna upande huu na upande ule, na pande zote mbili zinasema beba.

Nikasimama.

"Baba Mzee, iko na swali."

"Weye iko na swali kila siku."

"Aliyetoa hii chumvi alisema ni ya watu waliomo ndani ya lupango. Alinisemesha mara mbili."

"Aliyetoa iko Muislamu. Atatupangia sisi mambo ya kanisa?"

"Sawa, baba. Basi turudishe chumvi yake."

Mtu mmoja wa benchi la mbele akasema polepole: "Hapana, hakuna muntu alisema turudishe." Watu wa mikeka wakaangua kicheko, na nikajua kwamba mlango umefunguka kidogo. Katika biashara, mtu akishakataa kurudisha mali, kinachobaki ni kuzungumza masharti.

"Unataka tufanye namna gani?" mzee akauliza.

"Tugawe kama batu ba mutumbwi."

Hapo hapakuwa na haja ya kueleza. Kila mtu wa ziwa anajua. Mtumbwi ukirudi na ndagala, mali inamwagwa mchangani pa mwalo, pale mitumbwi inapofikia, yanafanywa mafungu. Mmoja anageuza mgongo, anatazama milima. Mwingine anashika kijiti, anagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Aliyegeuka anataja mtu, na mtu huyo anachukua, likiwa nono ama jembamba, na hapana ugomvi, kwa sababu aliyesema hakuona na aliyeona hakusema. Mwenye kugeuka hajitaji mwenyewe. Fungu la mwisho wenzake ndio wanaomwitia. Na aliyepata fungu ni wa mtumbwi ule. Hakuna awezaye kumwambia shuka.

"Mama, hapa iko kanisa, haiko ku mwalo," mzee akasema.

"Bwana alikuwa ku mwalo kila siku. Kama alitaka makarani, hata zamani zile bureau zao za kuandikia zilikuwepo."

Sikusema kwa adabu, najua. Lakini niliona vichwa vya mikeka vinatikisika, na vya mabenchi pia. Wa mabenchi hawakukubali kwa upendo. Kila mmoja wao alikuwa amekitazama kikombe kile mkononi mwa mzee na kujiuliza kitajaa namna gani kikifika kwa jirani.

Mzee akaona hali. "Haya. Atageuza mgongo nani? Weye uko na marafiki zako, minye niko na zangu."

"Muntu asiye na rafiki hapa," nikasema. "Yule." Nikamwonyesha mama wa Kiringye na mzigo wake.

Nilitegemea atakataa. Badala yake alitabasamu, akamwinamia mwimbishaji wa kwaya aliyekuwa karibu naye, na masikio yangu ya sokoni yakasikia: "Hajui jina la mtu hata mmoja. Ataita nani? Atanyamaza, tutarudi ku kikombe."

Na alikuwa na haki ya kufikiri vile, kwa sababu majina hakuyajua kweli. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Nilitandika majani ya migomba uwanjani, nikapima kwa kopo langu, fungu moja kwa kila jiko lililowashwa ndani ya ukuta. Chumvi ya juu ilikuwa nyeupe. Ya chini ya gunia ilikuwa imelowa, ina mchanga. Mafungu yalikuwa sawa kwa kopo, lakini hayakuwa sawa kwa macho, na ndiyo maana mgongo unahitajika. Mzee alihesabu, akakuta moja limezidi hesabu yake. Nilihesabu na mimi, mara mbili, nikakuta yametosha.

"Hili la mwisho la nini?" akauliza.

"La jiko la mwisho."

"Tutaona kama mwenyewe ataitwa," akasema, akarudi kusimama mahali pake.

Mama wa Kiringye alisimama akitazama ukuta wa kanisa. Sisi tulibaki tumetazamana na mtoto aliyefungwa mgongoni, aliyekuwa anayaangalia mafungu kwa macho makubwa. Katika ugawaji wote ule, macho yale tu ndiyo yaliyoona kila kitu, na hayakuweza kuhongwa ila kwa maziwa ya mama yake.

Nikashika kijiti, nikagusa fungu la kwanza. "Hili la nani?"

Mzee akaanza kukisugua kikombe chake.

"Hili la nani?" nikarudia.

"La ule mama alinipa moto," akasema mama wa Kiringye.

"Mama gani?" mzee akadakia. "Jina!"

"Sijui jina. Siku tulifika mvua ilituvunja. Akaleta kaa la moto mu kigae, akaliweka chini, akaenda zake."

Kutoka kwenye mikeka akainuka bibi mmoja mfinyanzi, mgongo umepinda. "Njo minye," akasema, kama mtu aliyekamatwa akiiba, akachukua fungu lake.

Nikagusa la pili. "Hili la nani?"

"La ule baba anaimbisha watu. Alisema batoto bangu banywe maji mbwa wakisha kunywa."

Mwimbishaji wa kwaya akatazama viatu vyake. "Ilikuwa utani," akasema.

"Chukua na utani wako!" sauti ikatoka nyuma. "Uutie mu mboga!"

Watu wakacheka, akaja, akachukua. Alichukua haraka, lakini uwanja ule ulikuwa mpana.

Nikagusa la tatu, huku nafurahi sana. "Hili la nani?"

"La ule mama wa ndagala. Wa matabishi ya vidole viwili."

Kicheko kilipasuka mpaka ukutani. Mzee mwenyewe alicheka. "Vitatu!" nikapiga kelele.

"Viwili," akauambia ukuta, bila hasira. "Siku nilinunua kwako, nilihesabu."

Nilivuta fungu langu pembeni, nikaendelea na kazi.

Msidhani kwamba wema wote ulikuwa kwenye mikeka. Aliita "kijana mwenye miwani, aliyelala nje ili bibi yetu alale ndani," na aliyeinuka alikuwa karani wa benchi la mbele kabisa, uso umemwiva kwa haya. Sisi tuliomsema kila siku kwa suti yake hatukujua. Aliita "dada aliyehamisha chungu changu akaweka chake," na huyo alikuwa mwenzangu wa mkeka mmoja, tuliyeomba naye na kulia naye. Wengine aliwataja kwa jambo dogo tu: aliyemsalimu, aliyemkodolea macho, aliyepita kila asubuhi kama vile pale pana jiwe. Huyo wa jiwe, walisimama wanaume wanne kwa mara moja, kila mmoja akidhani ni yeye, na ikabidi wakae na kuulizana.

Kadiri mafungu yalivyopungua, vicheko navyo vilipungua. Watu walikaa wakingoja kujua wao ni nani.

"Hili la nani?"

"La mzee mwenye funguo," akasema. "Aliniambia jua ni la Mungu, kivuli ni cha kanisa."

Hakuna aliyecheka. Fungu lilikaa pale, na lilikuwa jeupe, zuri kuliko yote. Mimi sikulipanga, mgongo ndio uliolipanga. Mzee hakusogea. Alitazama juu ya vichwa vyetu, kama karani anayesubiri mtu wa dirisha jingine.

Mke wake, mama mnyamavu ambaye sijawahi kumsikia akisema neno uwanjani, akamvuta koti. "Baba, simama. Mboga iko ku moto."

"Si mimi anayesema."

"Kumbe kuna mwingine iko na funguo?"

"Mama, nyamaza."

"Basi nipe hizo funguo," akasema mke wake, "nisimame minye."

Akasimama mzee. Alivuka uwanja, akainama, akachukua majani yale kwa mikono miwili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiinama bila kusali.

Likabaki fungu moja. Lilikuwa la chini ya gunia, limelowa, jeusi jeusi. Nikaligusa. "Hili la nani?"

Mama wa Kiringye hakujibu. Hairuhusiwi, na hiyo aliijua hata yeye wa bondeni. Mkono wake ulikuwa umezunguka nyuma, umeshika kisigino cha mtoto. Mzigo wake ulikuwa pale pale miguuni, umefungwa. Aliyeshika kijiti naye hasemi. Nimevunja sheria nyingi sokoni, na nyingine nilizitunga mwenyewe ili nizivunje, lakini ile niliishika. Niliuma ulimi mpaka nikaonja chumvi ya damu.

"Hili la nani?" nikauliza tena. Kwa sauti kubwa, maana hiyo hakuna aliyenikataza.

Watu walimtazama mzee. Mzee alitazama chumvi yake. Sasa aliyekuwa na shingo kwenye kamba hakuwa mama yule peke yake. Sote tulikuwa tumeshika mafungu yetu, tumeyapokea kwa kinywa chake. Kama hana haki ya kukaa, na sisi chumvi hii tulipewa na nani?

"La ule mama alituita," akasema mke wa mzee.

"La ule alituita," akadakia bibi mfinyanzi.

Wakasema wengine, mabenchi na mikeka, mwisho hata mwimbishaji, naye kwa sauti nzuri, maana sauti alikuwa nayo. Mzee hakusema. Wala hakukataa.

Mama wa Kiringye aligeuka. Alitazama mafungu mikononi mwetu, akatazama lake. Alikusanya majani yake, akaja moja kwa moja kwangu, akachovya vidole viwili katika chumvi yake na kuniwekea katika kiganja.

"Matabishi," akasema.

Siku ya tatu mkubwa wa vijana alirudi, kama alivyoahidi. Alikuwa mtoto wa mwalo, mtoto wa wavuvi, amevaa kofia ya polisi iliyomzidi kichwa. Mzee alimpokea getini, nasi tukasimama nyuma yake. Barazani, kivulini, bibi wa Kiringye alikuwa amelala.

"Nani hapa si wa kanisa?"

Mzee akazihamisha funguo mkono wa pili. Nilifikiri: sasa. Sasa ataonyesha kwa kidole, ataokoa ngozi yake, na Jumapili atatuhubiria.

"Kila jiko humu ndani limepata fungu," mzee akasema.

"Fungu la nini?"

"La chumvi. Kwa mgongo."

Kijana akamtazama. "Kwa mgongo?"

"Kwa mgongo."

Akaisukuma kofia yake nyuma, na kwa dakika moja sura ya mtoto wa mtumbwi ikatokeza chini yake. "Basi ni ba mutumbwi moja," akasema. Halafu akauliza kama tunaweza kumpa chumvi kidogo.

Nilimpa. Vidole viwili.

Kama mzee alisema vile kwa upendo ama kwa kuwa mke wake alisimama nyuma yake, sijui. Nilijaribu kupima, nikashindwa. Ila neno lilitoka, na mama yule na bibi yake na watoto walikaa ndani ya ukuta mpaka jeshi likarudi, barabara ikafunguliwa, na yeye akarudi Kiringye kulima. Mzee alirudi kwenye benchi lake. Mimi nilirudi kwenye mkeka wangu, na tangu hapo matabishi yangu yamekuwa vidole vitatu, msiniulize kwa nini.

Sasa wananiambia nilidhalilisha kanisa. Wanasema maskini wanahitaji huruma, si mambo ya kijiti na mgongo. Nawajibu: huruma ni matabishi. Haki ndiyo kipimo. Usije kuniongezea vidole viwili juu ya kopo ambalo hukulijaza, halafu ungoje nikushukuru. Mungu ninayemwomba alitupima kwanza, sawa kwa sawa, ndipo akaongeza.

Vita vingine vimekuja tangu wakati ule, na kila vinapokuja, unga wa msaada unaletwa kanisani, na meza inapangwa mlangoni, na nyuma ya meza anakaa mtu mwenye funguo. Safari hii alikuwa kijana mpole, mwana wa watu ninaowajua. Aliponiona nakuja na fimbo yangu aliinuka mwenyewe.

"Bibi, usisimame juani. Rudi nyumbani, ni jukumu langu, tutakuletea fungu lako mpaka mlangoni."

"Na wale?" Nyuma, nje ya uzio, walikuwa wamekaa wanawake wa bondeni na vifurushi vyao.

"Wale tutawaangalia, bibi. Kama unga utabaki."

Nilivihesabu vifuko vilivyokuwa mezani. Nikavihesabu tena. Halafu nikanyoosha fimbo yangu, nikagusa cha kwanza.

"Geuza mgongo, mwanangu," nikamwambia.